Fundi chuma aliyeambiwa abaki karakanani



Neno katapila unalijua. Likipita kijijini kufungua barabara, watoto hulikimbilia kulitazama, na wazee husimama kando wakisema sasa maendeleo yamefika. Jina hilo lilianzia mbali, katika mji wa Stockton, jimbo la California nchini Marekani. Huko, mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Holt ilitengeneza matrekta yanayotembea kwa minyororo badala ya magurudumu, ikayaita Caterpillar, maana yake kiwavi.

Leo nakusimulia habari za mtu aliyeishi katika mji huohuo, akafunga nyuma ya matrekta hayo kifaa alichokiunda kwa mikono yake nyumbani kwake. Aliitwa Robert Gilmour LeTourneau. Hakuwa Mkatoliki, alilelewa na kuishi katika makanisa ya Kiprotestanti. Lakini swali lililomsumbua linatuhusu sote tunaoketi kanisani Dominika hii: je, mtu anayetaka kumpa Mungu maisha yake yote ni lazima aiache kazi ya mikono yake?

Robert alizaliwa tarehe 30 Novemba 1888 huko Richford, jimbo la Vermont, katika nyumba yenye watoto wengi na wazazi wacha Mungu. Familia ilihamia Duluth, kisha Portland upande wa magharibi. Shule haikumpenda, naye hakuipenda. Alipofika miaka 14 aliiacha, akaenda kujifunza kazi katika kiwanda cha kusubu chuma. Kazi ya mwanagenzi mahali kama pale unaweza kuikisia: kubeba mchanga, kuandaa kalibu, kusimama karibu na chuma kilichoyeyuka, kurudi nyumbani jioni umejaa masizi. Akiwa na miaka 16, wakati wa mikutano ya kiroho iliyofanyika Portland, aliyakabidhi maisha yake kwa Kristo.

Usidhani kuanzia siku hiyo njia ilinyooka. Alikwenda San Francisco, na mwaka 1906 tetemeko kubwa la ardhi likauharibu mji huo. Katika kituo cha umeme cha huko alijifunza kuchomelea na mambo ya umeme. Mwaka 1909 akahamia Stockton. Alikata kuni, alijenga kwa matofali, alilima mashamba ya watu, alichimba madini. Alisoma umakanika wa magari kwa masomo ya posta, kisha akaingia ubia katika gereji. Kwa muda mrefu alikuwa kijana wa namna tunayoifahamu mitaani kwetu, anayejua kidogo cha kila kitu, na ambaye ndugu zake wanaulizana atatulia lini.

Mwaka 1917 alimwoa Evelyn Peterson, binti mdogo sana kwake kwa umri. Walitoroka kwenda kufunga ndoa kwa kuwa baba wa binti hakukubali. Sikuelezi hili kama mfano wa kuigwa. Nakueleza ili ujue kwamba mtu huyu hakuwa malaika. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia hakukubaliwa jeshini kwa sababu ya jeraha la shingo alilopata katika mashindano ya magari, hivyo akaenda kufanya kazi katika karakana za meli za jeshi la majini huko Mare Island, California. Ufundi wake wa kuchomelea na wa umeme uliongezeka pale.

Kisha yakaja mapigo mawili. Homa kubwa ya mafua ya miaka ya 1918 na 1919 ilipozunguka dunia, mtoto wao wa kwanza, Caleb, alifariki angali mchanga. Na Robert aliporudi Stockton baada ya vita, aliikuta gereji imeanguka na madeni yamebaki. Angeweza kuhama mji. Marekani ni pana, na mtu mwenye ufundi hakosi pa kujificha. Hakuhama. Alikubali kulipa sehemu yake ya deni, akaanza kuchukua kazi za kutengeneza matrekta ya Holt, moja baada ya jingine.

Mpendwa msomaji, ukumbuke jambo hilo. Kabla hajaunda mashine yoyote ya ajabu, LeTourneau alilipa deni. Alipokea ujira wa fundi na kuupeleka kwa waliokuwa wakimdai. Hapo ndipo utakatifu wa karakana unapoanzia.

Msiba wa mtoto ulimrudisha kwenye magoti. Alihisi kwamba alikuwa amemweka Mungu pembeni na kutafuta mambo yake. Dada yake alikuwa mmisionari huko China, na Robert akaona kwamba, kama kweli anataka kumtumikia Mungu, na yeye lazima aache spana na moto wa kuchomelea awe mhubiri au mmisionari. Alikwenda kwa mchungaji wake kuomba shauri. Wawili hao walipiga magoti wakasali. Walipoinuka, mchungaji alimwambia jambo ambalo Robert hakulitarajia: kwamba Mungu anawahitaji pia watu wa biashara. LeTourneau alishangaa, lakini alilipokea kama jibu la sala yake. Alirudi kazini, na kuanzia hapo akajiona kuwa mshiriki wa Mungu katika kazi hiyo.

Ni kazi gani? Mtu mmoja mwenye trekta alimwajiri asawazishe shamba la ekari 40. Bonde la kati la California lilihitaji mashamba yaliyo sawa kama meza ili maji ya umwagiliaji yatembee vizuri. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa farasi na nyumbu waliovuta kifaa kiitwacho skrepa. Skrepa ni sanduku la chuma lililo wazi mbele, lenye kisu kirefu kwenye ukingo wake wa chini. Kisu kikishushwa, kinanyoa udongo kama randa inavyonyoa ubao, na udongo unajaa sandukuni. Likijaa linanyanyuliwa, linavutwa hadi palipo na shimo, na udongo unamwagwa na kutandazwa. Trekta lilipochukua nafasi ya nyumbu, skrepa ilikua kidogo, lakini bado ilihitaji mtu wa pili nyuma, mwenye kuishusha na kuipandisha huku akila vumbi siku nzima.

Robert aliipenda kazi hiyo kuliko zote alizowahi kufanya. Januari 1920 alinunua trekta la Holt lililokwishatumika, akakodi skrepa, akawa mkandarasi wa kusawazisha ardhi. Mwaka uliofuata alinunua kiwanja Stockton, akafanya hapo makazi na karakana. Ndipo akaanza kuunda skrepa zake mwenyewe.

Jaribu kuiona karakana hiyo. Hakukuwa na mhandisi mwenye shahada. Kulikuwa na mabati mazito ya chuma, moto wa kukatia, mashine ya kuchomelea, na mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 14. Mchana alikuwa na kazi za watu mashambani, na usiku alichomelea. Wakati ule mashine nzito ziliunganishwa kwa ribiti na bolti, na kuchomelea kulihesabiwa kuwa ni kwa ajili ya kuziba ufa tu. LeTourneau aliamini kwamba mshono wa moto ukifanywa vizuri unashika, tena unaifanya mashine iwe nyepesi. Mwaka 1922 alikamilisha skrepa aliyoiita Gondola, iliyounganishwa kwa kuchomelea. Kuhusu yule mtu wa pili anayekula vumbi, alifunga jenereta kwenye trekta na mota za umeme kwenye skrepa, ili dereva mmoja, akiwa kwenye kiti chake, aweze kushusha na kunyanyua kisu mwenyewe. Baadaye akaunda nyingine kubwa zaidi, akaiita Mountain Mover, yaani mhamisha milima. Unajua alilipata wapi jina hilo. Liko katika Injili ya Mathayo sura ya 17, pale Bwana anapozungumzia imani ndogo kama punje ya haradali.

Si kila alichojaribu kilifaulu. Aliunda skrepa inayojiendesha yenyewe kwa umeme, ikatembea polepole mno. Hakuitupa akili iliyokuwa ndani yake. Miaka mingi baadaye, mota za umeme ndani ya magurudumu zikawa alama ya mashine zake kubwa. Mwaka 1928 alitengeneza winchi ya kufunga nyuma ya trekta, yenye waya na roda za kuongozea skrepa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaanza kuzivisha skrepa matairi ya mpira mahali pa magurudumu ya chuma. Hadi anafariki alikuwa amepata hataza karibu 300 za uvumbuzi wake.

Sasa nikupeleke mahali palipomjaribu kweli. LeTourneau alikuwa na desturi ya kuahidi kila mwaka fedha kwa ajili ya umisionari. Mwaka mmoja, karibu na mwanzo wa miaka ya 1930, alipata faida nzuri, lakini biashara ilikuwa na njaa ya mtaji. Alijiambia kwamba fedha ya Mungu angeizungusha kwanza katika kazi, mwaka ujao atoe fungu kubwa zaidi. Hesabu hiyo ilionekana ya busara. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka: kazi ngumu zilimla, hasara ikafuata hasara, akajikuta chini ya mzigo mkubwa wa madeni. Alitambua kwamba alikuwa amekopa mahali ambapo hakuruhusiwa kukopa. Na akiwa bado katika madeni hayo, alitoa tena ahadi kwa umisionari, watu waliosimamia fedha zake wakimshangaa, na safari hii akaitimiza.

Alisimulia pia juu ya jioni moja ambayo michoro ya kipande fulani cha mashine ilitakiwa iwe tayari ifikapo asubuhi, kwa kuwa mafundi walikuwa wanaisubiri. Jioni hiyohiyo alikuwa ameahidi kwenda na kikundi cha vijana kuhubiri kwa watu waliokata tamaa mjini. Alivutwa huku na huku. Akaenda kuhubiri. Aliporudi usiku, akaketi mezani, na mchoro uliokuwa umemshinda ukamjia kwa dakika chache.

Naomba tusielewe vibaya habari hizi. Wapo siku hizi wanaohubiri kwamba ukipanda mbegu ya fedha madhabahuni utavuna magari. LeTourneau mwenyewe alionya kwamba anayetoa ili alipwe hatalipwa. Watakatifu wangapi walitoa vyote na wakafa maskini! Mjane wa Injili alitia senti zake mbili katika sanduku la hazina, na hatuambiwi kwamba kesho yake alitajirika. Fundisho ni hili: ahadi uliyompa Mungu si mtaji wa akiba, wa kuchukuliwa pale mambo yanapobana.

Baada ya hapo kampuni yake, iliyosajiliwa mwaka 1929, ilikua kwa kasi. Mwaka 1933 aliacha ukandarasi ili atengeneze mashine tu. Alifungua viwanda Peoria katika jimbo la Illinois, Toccoa huko Georgia, Vicksburg huko Mississippi, Longview huko Texas, hata Australia. Katika Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya mashine za kuhamisha udongo zilizotumiwa na majeshi ya Marekani na washirika wake zilitoka kwake. Mwaka 1935 yeye na mkewe Evelyn walianzisha mfuko wa hisani, wakaukabidhi sehemu kubwa ya mali yao. Ikafika mahali wakageuza hesabu ya zaka: asilimia 90 ya mapato wakaitoa, asilimia 10 wakaishi nayo.

Mwaka 1946, huko Longview, walifungua shule ya ufundi katika majengo ya iliyokuwa hospitali ya jeshi, ili vijana waliorudi kutoka vitani wajifunze kazi ya mikono na Neno la Mungu pamoja. Leo shule hiyo ni chuo kikuu kinachobeba jina lake. Katika miaka ya 1950 alipeleka mashine zake Liberia, Afrika Magharibi, na Peru, kufungua mashamba na barabara mahali ambapo Injili nayo ingehubiriwa. Miradi hiyo haikudumu kama alivyotarajia. Nguvu ya mashine inaangusha miti upesi, lakini jamii ya watu haijengwi kwa katapila. LeTourneau alifariki tarehe 1 Juni 1969, akiwa na miaka 80, akazikwa kwenye viwanja vya chuo chake.

Kuna kitabu ambacho hakimo katika Biblia aliyoisoma LeTourneau, lakini kimo katika yetu: Yoshua bin Sira. Soma sura ya 38 leo jioni. Utamkuta mhunzi ameketi karibu na fuawe, joto la tanuru likimchoma mwili, kelele za nyundo zikiyajaa masikio yake, macho yakikazia umbo la kazi yake, na usiku akikesha aimalize vizuri. Mwandishi mtakatifu anasema wazi kwamba watu hawa hawaitwi katika baraza wala hawaketi viti vya mbele. Hata hivyo bila wao hakuna mji unaokalika. Kisha anamalizia kwa jambo la kushangaza: sala yao imo ndani ya kazi yao.

Sasa mtazame fundi wa kuchomelea mtaani kwako, au wale wa Gerezani jijini Dar es Salaam. Amevaa miwani myeusi, ameinama juu ya geti, au anaunda tela la kufunga nyuma ya trekta la mkulima. Je, tunamwona kama mtu aliyeitwa na Mungu? Au tunamwona kama aliyeshindwa shule? Mzazi, kijana wako akikuambia anataka kwenda chuo cha ufundi, usimwangalie kama umepata msiba. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 31, mtu anayetajwa kwamba Mungu amemjaza roho yake kwa ajili ya kazi ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Roho wa Mungu alimfikia katika mikono yake. Na Mwana wa Mungu alipofanyika mtu, alikulia katika karakana ya Yosefu kwa miaka mingi kabla ya kufanya muujiza wa kwanza.

Nawe fundi unayesoma safu hii, nina neno na wewe. Wito wako unapimwa kwa mambo madogo. Umepokea kianzio cha mteja: je, chuma chake umekinunua, au fedha umeitumia na sasa kila siku unamwambia njoo kesho? Mshono ulioufunika kwa rangi, unajua ndani yake haukushika. Je, mtu akipanda ngazi hiyo na mtoto mgongoni, utalala usingizi? Mwanagenzi wako, kijana wa miaka 17, umemnunulia kinga ya macho, au unamwacha achome macho yake kama ulivyochomwa wewe? Una deni la duka la vyuma, na sasa unapita barabara ya nyuma ili mwenye duka asikuone? LeTourneau alianza kwa kulipa deni la gereji iliyokufa. Anza hapo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano umetufundisha kwamba walei wanautafuta ufalme wa Mungu katika kuyashughulikia mambo ya dunia, na wanaitakasa dunia kutoka ndani, kama chachu. Wapo vijana wanaoitwa kuwa mapadre na watawa, na tunawaombea waitikie. Lakini yupo pia ambaye, akija kuuliza kama aache spana ili amtumikie Mungu, anahitaji kuambiwa arudi karakanani, na Mungu akiwa pamoja naye.

Nabii Isaya katika sura ya 40 aliona njia ya Bwana ikitengenezwa: mabonde yakijazwa, vilima vikishushwa, palipoparuza pakasawazishwa. Katapila halitengenezi njia hiyo moyoni. Inatengenezwa na deni lililolipwa, ahadi iliyotimizwa, na mshono ulioshika hata pale ambapo mteja hataona. Kesho Jumatatu, utakapowasha moto wako, fanya kwanza ishara ya msalaba. Kisha fanya kazi kama mtu anayemfanyia Mungu.